Pijo yangu na Land Rover ya Sigowet

Jumamosi

Mtu akienda kuomba msichana anafaa kunyamaza. Hiyo najua, na bado mdomo wangu ukaniponza.

Huko Sigowet, baba ya msichana ambaye kijana wangu Kibet anataka kuoa aliuliza tu, Pijo 504 yangu iko na cc ngapi. Ningesema sijui. Nikamwambia injini ya Land Rover yake ni kubwa, cc 2,286 kwa 1,971 yangu, lakini yangu iko na nguvu za farasi zaidi ya tisini, na yake haifiki themanini.

Tukaacha wazee na maziwa yao ya mursik, tukaenda kupimana kwa mlima. Nilimwacha mbali.

Kurudi, mvua ikanyesha. Land Rover inavuta na magurudumu yote manne, yangu na mawili ya nyuma tu, nikakwama. Alinitoa kwa matope na kamba mpaka kwa geti yake, wazee wote wamesimama wanaangalia.

Tukaingia, tukafika kwa mambo ya ng'ombe za mahari.

"Ongezeni moja," mwenye Land Rover akasema polepole. "Ya kamba."

Kibet ameongea na mimi mara moja tu tangu hapo, kuniambia hiyo ng'ombe natoa mimi. Sawa, nitatoa.

Lakini kwa mlima nilimshinda.