Kwa Nini Sina Pete Kidoleni

Griftu, Wilaya ya Wajir
Jumapili alasiri

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Wakesho,

Pokea salamu zangu nyingi, zenye joto la mchanga wa huku saa saba mchana. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nacheka. Je, wewe? Kikohozi cha Wakesho kimeisha? Mwakio ameshaacha kulia akipelekwa shule ya chekechea? Na mgongo wa mama mkwe, unamruhusu kupanda kilima kwenda kanisani?

Barua yako niliipata Jumatano. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikageuza karatasi nikidhani mengine yako nyuma. Wapi! Miaka minane ya ndoa, hujawahi kuniandikia mistari mitatu tu. "Watoto wazima. Mahindi yameota. Mwalimu Mghalu alikuona Griftu huna pete, umeketi dukani kwa fundi wa nguo mkicheka naye. Pete iko wapi?"

Mama Wakesho, yote aliyokwambia jirani yetu Mghalu ni kweli. Sikuwa na pete, nilikuwa kwa huyo fundi, na tulikuwa tunacheka. Sasa jimiminie chai, ukae, nikueleze tulichokuwa tukicheka.

Unajua nilipohamishiwa huku mwaka jana niliambiwa nitafundisha kilimo na ufundi wa mitambo. Karakana niliikuta imefungwa kwa mnyororo. Mashine ya kunolea haikuwa na kinga, nyaya zilining'inia hadi mabegani, na mafuta ya injini yalikuwa yamemwagika sakafuni. Nilikaa mwezi mzima bila kumruhusu mwanafunzi hata mmoja kuwasha kitu. Tulisugua sakafu kwa mchanga. Tulikunjua madebe ya mafuta ya kupikia tukatengeneza kinga za mashine. Tukapiga mstari wa rangi ya manjano sakafuni: ukiuvuka, uwe umevaa viatu vya kufunika vidole, miwani ya kinga, wala usiwe na kitu kinachoning'inia wala cha kunasa. Na anayewasha mashine lazima aseme kwa sauti, "Nawasha!" wenzake wakiitika, "Washa!" Mwanzoni walicheka. Siku hizi hata mpishi akiwasha jiko anapiga kelele, na darasa zima linamwitikia kutoka ng'ambo ya uwanja.

Shida ilikuwa wasichana. Kidato cha tatu wako wanne, na shuka zao za kichwa zinafika kiunoni. Mkuu wa shule aliniambia, "Mwalimu, waache wakae madirishani waandike tu. Ukiwagusia habari ya kuvua, wazazi watawatoa shuleni kesho." Nikafikiri nimepata njia: nikawaambia wazifunge nyuma na kuzichomeka ndani ya ovaroli. Msichana mmoja, Halima, mwembamba, mpole, asiyezungumza mpaka aulizwe, akainua mkono.

"Mwalimu, na hiyo bete?"

Alimaanisha pete; huku p hugeuka b, na v hugeuka f. Nikajiangalia kidole. Nikamwambia pete ile si pambo, nilivishwa kanisani, ni agano mbele ya Mungu.

"Na hii shuka yetu ni ya Mungu bia," akasema. "Sisi tutafunga fizuri. Wewe utafunga bete namna gani?"

Wavulana wakatazama chini. Mama Wakesho, nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kumwambia akae. Lakini nilikuwa nimesimama ndani ya mstari niliouchora kwa mkono wangu mwenyewe, na kidoleni nina kitu cha kunasa. Kwa hiyo nikaanza kuivuta. Ikagoma. Unakumbuka ulivyonicheka kwamba nimenenepa? Tulijaribu sabuni, tukajaribu mafuta ya kupikia, kidole kikavimba kama ndizi. Mwishoni Halima akakimbia kwa mama yake, akarudi na uzi wa cherehani, na mvulana mmoja akapitisha ncha ya ule uzi chini ya pete, akanizungushia uliobaki kidole chote, akaufungua polepole kutoka chini, pete ikipanda nao. Ilipotoka wanafunzi walipiga makofi. Mimi nilihisi mkono mwepesi, na vibaya, kama mtu aliyesahau kitu kwenye basi.

Ndiyo sababu siivai siku za kazi: kuivua na kuivaa kila asubuhi ni vita. Inakaa sandukuni, ndani ya leso yako ile ya bluu. Jumapili naivaa, na sasa hivi ninavyokuandikia ninayo.

Sasa huyo fundi wa nguo. Ni Mama Halima, mjane, ana cherehani moja kwenye kibanda karibu na soko la mifugo. Alisikia habari ya pete, akaniita. "Maalim, wewe umetoa yako," akasema, "mimi sitashindwa na ya binti yangu." Akataka kushona kitambaa cha kichwa kinachobana, kinachofunika kichwa, shingo na kifua, kisicho na ncha hata moja ya kupepea. Alishona cha kwanza, kikateleza machoni. Cha pili kikakaba koo. Nikiwa huko siku ya soko, na wasichana wote wanne wamekaa mkekani, nikasema ngoja nikijaribu mwenyewe nione kama mtu anaweza kuinama nacho juu ya mashine. Nikakivaa. Nikainama, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, ndevu zikitokeza chini. Mama Halima akaangua kicheko mpaka akashika cherehani asianguke.

Hapo ndipo Mghalu, akiwa safarini huku, alipopita. Nashangaa alivyokiona kidole changu asikione kichwa changu.

Cha tatu kilikaa sawa. Wasichana wote wanne wamevuka mstari, na hakuna mzazi aliyemtoa mtoto.

Lakini kuna jambo jingine ambalo sikutaka kukuandikia, usije ukaogopa. Wiki mbili baada ya hapo tulikuwa tunapakua injini ya pampu ya kisima cha shule kutoka kwenye trela. Nilikuwa nimevaa glavu, nimesimama juu. Kazi ilipoisha nikaruka chini, nikijishikilia ubavuni mwa trela. Palikuwa na bolti imetokeza, sikuiona. Nilitua salama, mkono wangu ukachomoka ndani ya glavu. Glavu ilibaki juu, imening'inia kwenye ile bolti, imechanika pale pale kwenye kidole cha pete.

Halima aliitazama ile glavu, akanitazama mkono, nami nikauinua wauone: vidole vitano, na mkwaruzo mdogo. Ndipo mtu akasema "Alhamdulillahi," na mimi nikaketi chini kwenye mchanga. Ingekuwepo pete, mke wangu, mwili wangu wote ungening'inia kwenye kidole kile kimoja. Ile bolti tuliikata kwa msumeno siku hiyo hiyo kabla ya kengele ya chakula.

Injini yenyewe ilikuwa imekufa tangu muhula uliopita, na maji tulinunua kwa mikokoteni ya punda. Wanafunzi waliifungua yote, wakaisafisha, wakaifunga tena. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, tuliijaribu. Mji mzima ulikuja. Chifu akaja na hotuba yake, amevaa kikoi kirefu na viatu vya wazi, akasema yeye ndiye atakayeiwasha. Halima akasimama kwenye mstari tuliouchora kuizunguka.

"Adeer, samahani," akamwambia kwa heshima, kama anavyomwita baba yake mdogo. "Hiyo nguo itashikwa na mkanda wa injini."

"Mimi ni chifu, binti."

"Ndiyo, adeer. Mashine haijui chifu."

Chifu akamtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule akatazama viatu vyake mwenyewe, vya wazi pia, akarudi nyuma hatua mbili. Nilidhani mambo yameharibika. Lakini mzee alitikisa kichwa, akacheka, akaenda zake. Alirudi amevaa suruali ya shule ya mwanawe, imeishia katikati ya miguu, buti za askari mmoja, na miwani ya karakana. Watu walicheka, yeye akicheka kuwazidi.

"Nawasha!" akapaza sauti.

Umati mzima, wazee, kina mama, watoto, ukaitika, "Washa!"

Injini ikakohoa, ikatoa moshi, ikashika. Bomba likatema kutu, kisha matope, kisha maji, Mama Wakesho, maji meupe! Kina mama walipiga vigelegele. Mbuzi waliingia kati ya watu. Halima alivuliwa miwani akamwagiwa maji, na mama yake alikuwa analia na kunionyesha binti yake kama vile simjui. Nikageuka nikuambie kitu, na hukuwapo.

Kwa hiyo nimeongea na mkuu wa shule. Amenipa nyumba ya vyumba viwili kwa likizo ya Agosti. Njoo na watoto. Mama Halima amesema hatapokea vipimo vyovyote kwa barua, anataka kukushonea gauni ukiwa umesimama mbele yake.

Msalimie sana mama mkwe, ambaye najua barua hii ataisomewa hata usipotaka. Msalimie shemeji yangu Mwadime na mkewe, katekista aliyetufunza kabla ya ndoa, na babu wa pale mtoni. Mghalu pia msalimie, mwambie simlaumu. Wakesho na Mwakio wabusu mashavuni.

Basi la kuja huku huondoka Garissa alfajiri, likisindikizwa na polisi. Usijitie hofu ya kupanda peke yako. Niandikie siku tu, hata kama ni mstari mmoja. Nitakuwa Garissa siku mbili kabla.

Anayekungoja,
Baba Wakesho