Wanga wa Ndiga, na Nani Aonje

Dodoma, Ijumaa, 11 Oktoba

Upepo umevuma tangu asubuhi, na kila nilichoanika kimepata vumbi. Leo simwamini mtu. Hata kuku simwamini.

Naandika kwa utaratibu ili nijue nilichoona na nilichodhani tu.

Mvua ilikosekana, mtama umekwisha ghalani, na wachimba mitaro ya reli wanafanya kazi kwa uji mwepesi kama maji ya kunawia. Bwana wetu, Mdachi anayeshughulika na mimea, ameagizwa atafute chakula porini. Amechagua ndiga, vile viazi vya mwitu. Kwetu pwani hata mtoto anajua kwamba ndiga ni sumu mpaka vilowekwe na maji yamwagwe tena na tena. Bwana hataki kuviloweka vizima. Anataka wanga wake tu. Kazi hiyo ni yangu mimi, karani wake: navikwangua, navikamua katika kitambaa cha marekani, naacha wanga utuame chini ya pipa, namwaga maji ya juu, natia mengine. Mwisho nauanika mkekani.

Kisima kimepungua. Juzi Bwana alisema nisibadilishe maji tena, yatosha, kwa kuwa wanga umekuwa mweupe. "Ukiwa mweupe, ni safi," alisema.

Chokaa nayo ni nyeupe.

Jana nilimpa kuku wanga ule. Hakufa. Lakini kuku wa hapa nimemwona akimeza nge kisha akaendelea kuparura, kwa hiyo ushahidi wake siupokei.

Jambo lililonisumbua zaidi ni hili: tangu tuanze kazi hii, sijamwona Bwana akitia wanga ule kinywani. Yeye hula mkate wake na nyama. Kila siku ya juma hili nimemtazama akila, nami nimejiambia: mtu huyu anajua kitu.

Leo mchana tulipika uji wa wanga, tukawapelekea wachimbaji. Msimamizi wao ni Chilongani, kaka wa mke wangu. Tuliamkiana, "Mbukwenyi," kisha akaketi chini, na wenzake wote wakaketi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Nilielewa mara moja. Ugogoni, anayeleta pombe huinywa kwanza mbele ya wageni, wote wakimwona.

"Shemeji," Chilongani akasema, "uji wenu mzuri, mweupe kama kanzu ya Idi. Nani anaonja?"

"Mpeni karani!" mmoja akadakia nyuma. "Tumbo lake limesoma!"

Wakacheka. Bwana akauliza mbona hawali, nikamweleza ile desturi. Nakiri hapa: nilitamani akatae. Angekataa, ningekuwa nimejua.

Hakukataa. Aliagiza kijiko, akatia sukari ya kopo lake, akala bakuli zima, akajifuta masharubu. Shaka yangu ya juma zima ikaniacha nimesimama pale kama mtu aliyevuliwa kofia na upepo.

Lakini hakuna aliyeinuka.

"Huyo kaletewa kama sisi," Chilongani akasema. "Ametengeneza nani?"

Mimi.

Kumbe siku zote nilikuwa natazama kinywa kisicho changu.

Nikaonja, bila sukari. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha kandoni mwa ulimi nikahisi muwasho mdogo, kama wa tunda bichi, nao ukateremka kooni. Wote walikuwa wananitazama. Jana Chilongani aliwapelekea wanawe uji wake, akalala njaa. Ningesema uji ni mwema, angekuwa wa kwanza kula, na angeshiba. Ningesema ni mbaya, ningemuumbua Bwana mbele ya watu wake, na kiboko kinapotundikwa napajua.

Nikasema, "Bado."

Bwana akawa mwekundu. "Mimi nimekula! Unaniita mwongo?" Nikamjibu kwamba sijasema hivyo, nimesema wanga haujaoshwa vya kutosha. Akaamuru uji umwagwe. Amenipa hadi kesho adhuhuri. Nikileta wanga ambao watu hawatakula, nitajua mwenyewe.

Wachimbaji wakarudi mtaroni na maji tu tumboni. Chilongani hakunishukuru wala hakunilaumu. Alikaza nguo yake kiunoni, akasema, "Tumekusikia, shemeji," akashika jembe.

Sasa jua linashuka. Wanga wote uliobaki nimeurudisha pipani, na maji nimekwenda kuyachota mwenyewe bondeni kwa ndoo, safari baada ya safari. Bwana namsikia barazani akipiga mluzi. Haumwi. Ulimi wangu nao hauwashi tena.

Je, uliwasha kweli?

Juma zima nimekuwa nikingoja ubaya. Anayeungoja hivyo huenda akaupata hata kwenye maji matupu. Labda uji ule ulikuwa salama, na watu wenye njaa nimewanyima chakula kwa sababu ya hofu yangu. Au labda sukari ilimficha Bwana kile nilichokipata mimi. Nimejaribu kukumbuka muwasho ule ulivyokuwa, na kila ninavyoukumbuka unabadilika.

Kesho nitaonja tena alfajiri, kabla sijatia kitu kingine kinywani. Ulimi ni huu huu mmoja.