Majina Yaligoma, Kitambaa Kikasingiziwa

Kiamunyi, Nakuru

Nekesa binti yangu,

Hujambo mama? Goti la nyanya yako linaendeleaje? Na mdogo wako Wafula, kile kikohozi kiliisha? Mfunge kifua jioni, mvua ya huko kwetu haina huruma. Mimi niko, Mungu ananiweka.

Nimesikia baba yako mdogo, tangu niseme kwa simu kwamba nafukuzwa kazi, ameanza kukutafutia kazi ya nyumba Eldoret ili uache shule. Usiende! Soma kwanza haya.

Mama Harpreet, huyu ninayemfanyia kazi, huongea na binti yake aliye ng'ambo kwa kompyuta. Sasa intaneti ikaanza wazimu. Akiandika jina la mahali anapotaka kufungua, leo inafungua, kesho inasema hilo jina hailijui. Akaona kitambaa nilichofuma, nimefunika kale kasanduku ka intaneti vile sisi hufunika redio na tivii. Akapiga kelele hadi majirani wakatoka. "Umeifunika kama ugali! Imechemka, imeharibika! Mwisho wa mwezi uende kwenu!" Nikatoa kitambaa. Wiki nzima majina bado yanapotea, na bado mwenye makosa ni mimi.

Juzi akaita fundi. Nikasimama hapo na mwiko mkononi. Fundi akaandika namba za mahali fulani kwenye intaneti, ikafungua. Akaandika jina la mahali hapo hapo, ikagoma.

"Mathe, laini ni nzima," akaniambia kama anayeongea na mama yake. "Shida ni majina. Inauliza kompyuta ya kampuni ya intaneti jina fulani linakaa wapi, na hiyo ya kampuni inajibu ikitaka."

"Kama mgeni anayetafuta boma, na wa kumwelekeza amelala," nikasema.

"Hapo umegonga!" Akaipanga iwe inauliza kwingine. Majina yakaanza kufunguka.

Mama Harpreet akasema, "Lakini na kile kitambaa pia!"

Nekesa, nilikileta, nikamwambia fundi, "Boss, funika tuone."

Fundi akacheka, akafunika. Tukangoja hata chai yake ikapoa. Majina yanafunguka tu.

"Joto si zuri, mathe, usiiwekee tena," akasema. "Lakini si hiki kiliharibu."

"Sawa, siweki tena. Sasa Mama, ulinifukuza mbele ya majirani. Nirudishe mbele ya fundi."

Akaangalia dirisha. Akaangalia fundi. "Kwani nani amekufukuza? Nenda upike."

Sikutoka hapo. Mwiko wangu mkononi, nikamwangalia tu.

"Haya, utakaa! Si nimesema? Utakaa!"

Mimi nimesikia, na fundi amesikia.

Msalimie nyanya yako, umkande hilo goti na maji moto. Mbusu Wafula. Salamu kwa mwalimu wako wa darasa, umwambie nakuombea kila siku. Baba yako mdogo naye msalimie kwa heshima, halafu umwambie hivi: mama yuko kazini na mtoto yuko shule. Kama Eldoret wanataka mtu, aende yeye.

Ni mimi mama yako, ambaye hata nikiosha vyombo ninakuwaza,
Rosa