Kuizingira Tudor

Jumatano, 3 Agosti 1994

Ukurasa wa arubaini na moja. Tangu alasiri nimetafsiri mistari kumi na minne, nimefuta sita. Kiingereza cha kapteni kigumu kama mkate wa juzi. Alinipa karatasi hizi nilipokuwa karani wa bohari bandarini Shimanzi, yeye akija na meli yake kutoka Japani. Ni maisha ya babu wa mababu zake, Munetaka, samurai, mshauri wa vita wa bwana mmoja mdogo wa milimani. Upanga alikuwa nao, lakini kazi yake ilikuwa kufikiri. Vyura wakinyamaza bondeni, alijua kuna jeshi linapita. Mtu wa namna hiyo nampenda.

Mwanangu Zuwena ana siku ya tisa kwetu. Amegombana na mumewe, Hamadi, kwa maneno ya mama mkwe. Amekasirika, amerudi kwa wazazi wake. Ndiyo desturi. Na Hamadi naye desturi anaijua: amchukue mzee wake mmoja, watoke huko mtaani kwao Tudor, waje waombe. Hajaja.

Ijumaa, 5 Agosti

Nimemwona Hamadi msikitini. Akanipa mkono, akaubusu wangu. Akataka kusema kitu. Nikavaa viatu nikaondoka. Sebule ninayo, viti ninavyo. Mambo ya mwanangu hayasemwi mlangoni pa msikiti.

Alhamisi, 11 Agosti

Munetaka amezingira ngome. Sura tamu kuliko zote. Bwana wake alitaka kupeleka mjumbe wa suluhu, Munetaka akamzuia. Atakayetangulia kutuma mtu ndiye mwenye njaa, alisema. Tukae, tupike, tunoe panga, tusiseme neno. Watafungua wenyewe.

Nilimsomea mke wangu. Akasema, "Baba Zuwena, Hamadi si ngome." Akaendelea kuchambua mchele. Wanawake hawana subira na vitabu.

Jumatatu, 15 Agosti

Zuwena amenipa bahasha. Nimpe Hamadi siku ya Ijumaa, mkononi, asione mtu.

"Nimemwambia aje, Baba. Hata peke yake, bila wazee. Amepata kazi ya umakanika Maskati, yuwenda mwisho wa mwezi."

Haya, nikamwambia. Nitampa.

Ijumaa, 19 Agosti

Sikumpa.

Alikuwa safu ya mbele yangu. Shati halijapigwa pasi, shingo imekonda. Nikafurahi, sitaficha. Njaa imeingia ngomeni. Wiki moja zaidi na atakuja na wazee watatu. Mwanamke anayemwita mume mwenyewe atakanyagwa na mama mkwe maisha yake yote. Namlinda mwanangu. Bahasha nimeitia kati ya karatasi za kapteni, haijafunguliwa.

Niliporudi Zuwena aliniuliza kwa macho. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba tayari. Sijapata kumdanganya tangu azaliwe.

Ijumaa, 26 Agosti

Hamadi hakuonekana msikitini. Nilitazama safu zote.

Zuwena hukaa karibu na mlango siku hizi. Kila hodi, anaweka sawa mtandio. Leo hodi ya kwanza ilikuwa ya muuza samaki, ya pili ya jirani anayetaka ungo. Amevaa ile kanzu ya buluu siku tatu mfululizo, nadhani Hamadi ndiye aliyemnunulia. Sikuuliza.

Mistari minne tu. Mkono mzito.

Jumapili, 4 Septemba

Ngome ilikuwa tupu.

Nimesoma mara mbili nikidhani Kiingereza kimenipotosha. Hakikunipotosha. Adui walitoroka kwa njia ya mto, wakaacha wazee watatu wa kuwasha mioto jioni na kupandisha bendera asubuhi. Munetaka alikaa miezi miwili mbele ya kuta zisizo na mtu. Alipovunja lango akawakuta wazee wale wanakunywa uji. Akaomba ruhusa ajipasue tumbo, kama ilivyokuwa desturi kwao. Bwana wake akakataa. Alisema hana haja tena na shauri lake, wala na kifo chake.

Kitabu cha kipumbavu. Kesho naipeleka bahasha Tudor kwa miguu yangu.

Jumatatu, 5 Septemba

Mlango una kufuli. Jirani anasema Hamadi ameondoka Alhamisi, na sanduku moja. Mapazia bado yako dirishani. Ukiwa barabarani ungesema kuna watu ndani.

Nimerudi na bahasha. Zuwena sikumwambia kitu. Nilisema nilikwenda Marikiti, na mikononi sina hata ndimu.

Jumatano, 7 Septemba

Amekuja ami yake Hamadi. Mzee wa Tudor, sebuleni mwangu, kwenye kiti changu, kama nilivyotaka. Ameleta karatasi. Talaka tatu. Hapana rejea.

Hakugusa kahawa. Aliniambia, "Kijana amekaa mwezi mzima yuwangoja neno moja la mkewe. Lau lingekuja, wangekwenda wote. Halikuja. Akaona hatakiwi, hasira zikampanda."

Bahasha ilikuwa hatua tano kutoka alipokaa. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikamwombea safari njema ya kurudi kwake. Adabu zangu hazina mfano.

Zuwena alikuwa amesikia yote. Alimwambia mamake, "Lakini mimi niliandika." Mara moja tu. Kisha akanigeukia.

Nikaenda nikazitoa karatasi za kapteni, nikampa bahasha yake.

Alhamisi, 8 Septemba

Zuwena aliigeuza bahasha, akaona gundi haijaguswa, akaenda nayo jikoni. Hakunitukana. Mama Zuwena analala chumbani kwa mwanawe. Chai yangu inaletwa kwa wakati, sukari vijiko viwili kama siku zote.

Nataka mtu anipigie kelele. Mwanangu alimpenda mumewe, naye mumewe alimpenda. Hapakuwa na vita. Palikuwa na mimi na karatasi zangu. Ana miaka ishirini na minne.

Jumatatu, 12 Septemba

Sijala. Sijatafsiri. Nimemwandikia Hamadi barua, lakini Maskati kubwa na anwani sina, na hata ningekuwa nayo, talaka tatu ni tatu. Nimeichana.

Ijumaa, 16 Septemba

Leo wanawake wa mtaani wamekuja kumpa pole. Nilikuwa chumba cha pili, kitandani, pazia baina yetu. Walisema ya kusema, subira, Mungu ana yake. Kisha mmoja akauliza, na sauti yake haijui kunong'ona, mbona hamkutuma neno, na mume alikuwa mzuri vile?

Nikangoja kusikia jina langu. Nililitaka.

"Nilikataa mimi," Zuwena akasema. "Baba aliniambia niandike. Nikatia kiburi."

Wakamlaumu kidogo kidogo, kwa upole, mpaka chai ikaisha. Hakubisha. Nikamsikia mamake akikusanya vikombe.

Lilikuwa pazia tu. Sikutoka.