Samaki wa Kwanza wa Mama

Kaka Basil,

Huku beri za porini zimeiva mapema, na mbwa wako amezeeka, anabweka usingizini.

Samaki samoni tuliowavusha kwa lori lile bwawa lililowafungia njia ya kutoka baharini wamefika kwetu. Alfajiri ukungu ulilala juu ya mto, na migongo myekundu ikapita chini yake polepole, kama ndoto. Wa kwanza alivuliwa na Mama, pamoja na macho yake yale yasiyoona. Kila nyumba ikapata kipande. Yeye hakuonja. Si unajua, anayemvua wa kwanza hamli, hata kama amemngoja tangu utotoni, bwawa lilipojengwa.

“Lamba basi hata vidole, wifi!” shangazi Odile akamtania.

“Koma! Samaki wakinuna wasirudi je?”

Tulicheka sana. Daktari anasema Mama hatauona msimu mwingine.

Nilimwambia nitamvulia mwingine mimi. Akasema, “Wewe tulia. Nangoja wa Basil.” Ugomvi wenu hakuutaja.

Samaki hawakai, kaka. Mkuki wako wa kuvulia uko pale pale nyuma ya mlango. Kila jioni Mama anaupapasa, anaupaka mafuta.

Mdogo wako,
Philomene