Nimefuta Ukoo wa Mume Wangu

Basi, shajara, nirudie pale pale nilipoachia jana, maana leo sina nguvu za kuanza upya: ndiyo, Wani ni mume mzuri, na ndiyo, hii ni wiki ya saba ya ndoa na bado nikisikia hatua zake mlangoni moyo unaruka. Hayo yote ni kweli hata Jumamosi hii ya joto, hapa mtaani Lemon Gaba, Juba, ambapo hakuna jani linalotikisika.

Ila leo nimefanya jambo, na hadi sasa siamini kuwa ni mikono yangu hii.

Ni ile laptopu yake kuukuu. RAM ya giga mbili tu. Ukiiwasha, unapika chai, unainywa na kuosha kikombe kabla haijafunguka. Kila Jumapili Wani huketi mbele yake akisubiri, mpole kama mtu aliye kanisani, nami humtazama nikimpenda zaidi. Nikasema nitamshangaza. Fundi wa simu wa soko la Konyokonyo, Mganda mmoja mcheshi, aliniwekea mfumo mwepesi wa Linux kwenye flashi, akanieleza hatua zote, nikaziandika kwenye karatasi. Leo Wani alipoondoka kwenda kazini Thongpiny, nikaanza.

Mashine ikauliza kama nataka kufuta diski yote.

Sasa, shuleni kwetu Kitale mwalimu wa kompyuta aliita "diski" kitu chochote kinachochomekwa ubavuni. Nikaelewa kwamba ikimaliza kazi itasafisha flashi ya fundi. Nikaona ni adabu nzuri. Nikabonyeza ndiyo.

Nilipoiwasha tena, ilifunguka kabla sijamaliza kukunja leso. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Wani alirudi saa tisa. Alipoona ilivyo nyepesi alicheka, akaninyanyua juu kama siku ya harusi. Kisha akaketi, akatafuta, akatafuta tena.

"Majina yako wapi?"

Nikamuuliza majina gani. Ndipo akanieleza. Kwa miaka minne amekuwa akiandika majina ya ukoo wao kama anavyosimuliwa na Haboba Poni (haboba ni bibi kwa lugha ya hapa), dada wa marehemu bibi yake, anayeishi Rejaf. Nani alimzaa nani. Nani alifia njiani wakikimbia vita, nani alibaki kambini Uganda. Watu wao walitawanyika, na hakuna kitabu kingine.

Hakuna nakala.

Nilimpigia fundi. Aliniuliza taratibu kama nilihifadhi vitu vya zamani kwanza. Ilikuwa kwenye karatasi yangu, mstari wa kwanza. Niliuruka nikidhani unahusu flashi yake. Akasema hawezi kuniahidi kitu.

Wani hakufoka. Afadhali angefoka. Alitoka nje, akakaa juu ya jerikeni, akanipa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu tuoane, mgongo ule haukunijua.

Baadaye akapiga simu Rejaf, akaweka spika ili nami nisikie. Kiarabu cha Juba bado kinanipita, lakini jina langu nililisikia. Halafu Haboba akacheka hadi akakohoa, akageukia Kiswahili alichotoka nacho ukimbizini Uganda, makusudi ili nisikie.

"Ambia mke yako, kompyuta imefuta mimi, lakini mimi iko. Akuje mwenyewe. Alete kalamu."

Nilitaka kucheka, nikalia.

Wani akageuka. Akasema kwa sauti ya chini, "Ile orodha ya zamani iliishia kwangu. Jina lako halikuwemo."

Nilimpenda pale kupita kiasi. Lakini shajara, lazima niseme kweli yote. Alininong'oneza pia kwamba safari iliyopita Haboba alisahau majina mawili ya ndugu zake mwenyewe, na Wani ndiye aliyemkumbusha kwa kusoma kwenye laptopu. Safari hii hatuna cha kumsomea. Kuna watu ambao leo wamebaki kichwani mwa mwanamke mmoja mzee tu, na aliyewarudisha huko ni mimi.

Nikaomba simu.

"Haboba, ni mimi. Kabla mwezi huu haujaisha, utatuona mlangoni kwako."