Koili ya Mtani

Jumatatu, 2 Machi 1981
Nimesugua plagi kwa mswaki wa zamani. Petroli nusu chupa. Pikipiki imewaka kiki ya kwanza. Miaka mitatu naiunga hii: chasisi niliitoa Lalago kwenye zizi la ng'ombe, kiti kakishona mke wangu, Mama Kulwa, kwa turubai. Inanguruma vizuri. Sina raha.

Koili iliyomo, ile inayopeleka cheche kwenye plagi, si yangu.

Jumanne, 3 Machi
Niandike yote. Ijumaa Athumani aliniletea pikipiki ya zahanati nimfungie klachi. Athumani ndiye mganga wetu, Mzigua wa Handeni, kwa hiyo ni mtani wangu. Klachi nilifunga sawasawa. Halafu nikatoa koili yake nzima, nikamwekea yangu mbovu. Yangu ikipata moto inakata, injini inazima. Ikipoa inawaka tena. Akiijaribu hapa uani haoni kitu, mpaka aende mbali. Nilijua hilo. Spea hakuna Mwanza, hakuna Shinyanga.

Nilijiambia ni utani. Msukuma na Mzigua tunachukuliana vitu siku zote. Msibani kwa jirani alininyang'anya kofia kichwani, akaivaa mpaka jioni. Lakini aliichukua watu wote wanaona.

Alhamisi, 5 Machi
Nimemkuta Athumani kwenye foleni ya sabuni.
"We Msukuma, hata sabuni ya duka zima haitoshi mikono yako!"
Watu wamecheka. Kisha akanisogelea.
"Mtani, ile mashine imenizimikia mara mbili jana."
"Petroli chafu hiyo," nikamjibu. Uongo umetoka wenyewe.
Akaniamini. Hilo ndilo limeniuma.

Jumamosi, 7 Machi
Sijaigusa pikipiki. Mama Kulwa kauliza mbona siitoi. Nimesema tope. Chakula hakipiti.

Jumatatu, 9 Machi
Imetokea. Dereva wa trekta kaleta habari asubuhi hapa kazini, kwenye kinu cha kuchambua pamba. Kuna mama huko Migato, uchungu umemshika tangu jana, mtoto hatoki. Athumani kaitwa. Pikipiki ikazima katikati ya mbuga, kwenye tope jeusi. Kaiacha njiani, kaenda kwa miguu, mkoba kichwani. Dereva hajui kama yule mama yu hai.

Nimekaa juu ya gunia la pamba. Nikaitwa kwenye mashine, sikusikia. Kama amekufa nimemuua mimi. Kwa kitu cha ukubwa wa gunzi.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Nimesema naumwa. Safari hii si uongo.

Jumanne, 10 Machi
Nimeondoka na pikipiki yangu kulipopambazuka. Spana mfukoni. Pikipiki ya zahanati nimeikuta pale pale, matope mpaka kwenye ekseli. Nikasubiri. Athumani akatokea anatembea, viatu mkononi, macho mekundu.

Sikumsalimia. Nikauliza, "Yule mama?"
"Mzima. Na mtoto wa kike, mkali kama pilipili."
 Nikatoa spana mfukoni.

Nikamwambia. "Athumani, koili yako imo kwenye pikipiki yangu. Hiyo yako ni mbovu, nilikuwekea mimi. Niliiba."
Akauliza, "Huo ni utani?"
"Si utani. Ungekuwa utani ungejua tangu Ijumaa ile."
"Nimetembea saa tatu," akasema. "Kila hatua namuona yule mama amekufa."
Akaweka viatu chini.
"Basi fungua."

Nimebadilisha koili nimepiga magoti kwenye tope. Skrubu imenidondoka mara mbili, kaiokota yeye. Pikipiki yake ikawaka. Kaondoka bila kuaga.

Mimi nimerudi na koili yangu. Imezima mara sita njiani. Kila ikizima nakaa chini naisubiri ipoe. Sikuchukia hata mara moja. Nyumbani nimekula ugali wote. Nimemwambia na Mama Kulwa. Kasema, "Mjinga wewe," akaniongezea mlenda.

Ijumaa, 13 Machi
Athumani kapita mbele ya kinu. Hakusimama. Sawa.

Jumapili, 15 Machi
Tumetoka kanisani. Naosha kabureta kwenye sufuria kuukuu. Athumani kaingia uani, kazima pikipiki, hakupiga hodi, hakusalimia. Kamfukuza jogoo wangu mwekundu kuzunguka nyumba, kamkamata, kamfunga miguu, kamning'iniza kwenye usukani.
Mama Kulwa katoka na mwiko. "We Mzigua! Mwizi!"
"Shemeji, si unaniona? Nachukua mchana kweupe. Mfundishe na mumeo."
Majirani wamecheka mpaka wakashika ukuta. Na mimi nimecheka. Machozi yamenitoka, nimesema ni petroli.

Kawasha, kaelekea Migato. Kuna mtoto wa kumtazama kitovu. Nimesimama na kitambaa mkononi, nasikiliza injini. Imepita mnadani, imepita mtoni. Haikukata.